Mbuzi wa Aprili

Mama yake babu alizaliwa mara tatu.
Padri wa bonde la Vipava anasema 1898, Novemba,
kwa wino uliopauka kama chai ya wageni wengi.
Pasipoti inasema 1903.
Jiwe la kaburi, ambalo shangazi Zalka alililipia kwa herufi,
limechagua katikati,
kama mtu anayeamua ugomvi asiotaka kuusikiliza.

Na majina nayo. Pavla Mrevlje kanisani,
Paola Mreule serikalini, baada ya Waitalia kuja
na kutunyoosha ndimi kwa kalamu.
Nyumbani aliitwa Yule wa Misri.

Nilikwenda Gorica na daftari jipya, penseli mbili
(wino hauruhusiwi mle ndani),
nikidhani ukweli umekaa mahali fulani ukinisubiri,
umevaa koti, mkoba magotini.
Bwana Ferjančič wa nyaraka hufunga saa saba kamili.
Huleta masanduku kwa kigari kinacholia gurudumu moja,
na kila sanduku hulikana lililotangulia.

Sisi tulisimuliwa hivi: alikwenda Iskandaria kupika.
Alimwacha babu keshaanza kutembea,
keshaanza kula uji, keshaanza hata kutukana.
Shangazi Zalka aliapa:
zabibu zilikuwa zimeshakamuliwa,
mtoto alisimama kwenye geti akampungia mama mkono.

Lakini orodha ya meli iliyong'oa nanga Trieste
ina Paola, tarehe mbili Aprili,
na babu alibatizwa tarehe tisa Februari.
Nilihesabu kwa vidole, chini ya meza, Bwana Ferjančič asinione.
Siku hamsini na mbili.
Mtoto wa siku hamsini na mbili hapungi mkono.

Na ile picha: gauni jeupe, kofia nyeupe,
mtoto mnene wa watu kifuani, kavishwa bangili,
na nyuma, kwa Kifaransa, jina la mtoto tu.
Mpishi gani huyu apigwaye picha bila sufuria?
Sasa naielewa ile miaka mitano iliyomezwa na pasipoti.
Matajiri walitaka ziwa la msichana.

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji.
Juu ya maziwa hawakusema kitu.
Paa la vigae ninalolala chini yake hadi leo
lililipwa kwa hundi kutoka Misri, kigae kwa kigae,
na mvua ikinyesha huwa nasikia mtu akinyonya.

Kurudi kwake nako kuna miaka miwili:
1936, kwa mujibu wa manispaa;
1938, kwa mujibu wa babu,
naye angejua, maana ndiye aliyefungua mlango,
akamwamkia kwa adabu,
akamuuliza anamtafuta nani.

Jibu sikulipata Gorica.
Lilikuwa jikoni, droo ya chini, chini ya vifuniko vya mitungi:
daftari la matumizi la shangazi Zalka,
mwanamke aliyeweza kumdanganya padri
lakini hesabu hakuidanganya hata siku moja.
Tarehe tatu Aprili, 1927:
*mbuzi mmoja, wa kukamuliwa, lire mia na ishirini.*

Babu, akishapata glasi yake ya pili, alikuwa akisema,
"Mimi mama yangu alikuwa na pembe,"
na sisi tukacheka, mezani, miaka yote ile,
tukimpitishia mkate.

Fomu ya ukoo bado iko mbele yangu.
Penye tarehe ya kuzaliwa nimeandika, nimefuta,
karatasi imeanza kutoboka.
Nalirudia daftari.
Chini ya mbuzi, kwa mwandiko uleule usiotetereka:
*chumvi, kilo mbili.*
*Mafuta ya taa.*
*Chupa ya mtoto,*
kisha mstari umepita juu yake.