Upatu

Jumapili, saa nne usiku, Hidaya kanitumia nywila:
herufi kumi na mbili na onyo moja.
"Usiibadilishe. Jumapili ijayo si yako."

Upatu huu, nikajisemea, upatu kamili.
Hidaya ndiye kijumbe, yuko Tabata,
anajua nani kapokea na nani bado.
Ila hapa anayepokea
ndiye anayetoa.

Aliyenitangulia ni Ngwisa, mtu wa nyota.
Juma lake umeme ulikatika Sinza siku tatu,
akashukuru hadharani, akatukanwa,
kisha waliomtukana wakapanda hadi kwenye simtanki zao
kumtafuta Mshitarii alikowaelekeza.

Mimi sina nyota. Nina chupa,
mia mbili na sita, maji ya visima:
Mbagala, Kigamboni, Yombo, Kimara.
Napima chumvi, napima chokaa. Basi.
Mama huwaambia majirani niko "mambo ya maji",
nao wanadhani nasoma mita.

Jumatatu niliandika kama ripoti.
Wakapenda watu wanne, mmoja dada yangu.

Jumanne nikapiga picha kipande cha sabuni
kinachokataa povu. Na kwako?
Mji ukafungua mabomba.
Gongo la Mboto kuna povu, Kijichi hakuna,
Temeke chai ina utando,
Kunduchi birika limeota magamba kama changu.
Miaka miwili na gari la ofisi
sikuwahi kuokota takwimu hivi.

Jumatano akaja mama lishe wa Buguruni,
anajiita Mwajabu Maharage:
"Dokta, mbona siku ya maji ya kisima
maharage yangu hayaivi? Mkaa unaniisha."

Mimi si dokta.
Na nilikuwa sijui.
Nikaandika: Sijui.
Watu elfu kumi na moja wakaniona nisijue.
Nikalaza simu kifudifudi.

Usiku, sufuria mbili, jiko moja moja.
Hii maji ya mvua, hii ya kisima cha Lyapembile,
kikombe kwa kikombe, maharage ya Mbeya.
Nikarusha mubashara. Hapakuwa na cha kutazama,
mvuke tu, na mume wangu akipita kuulizia chumvi,
watu wakamjibu: imo humo ndani, shemeji.
Dakika ya sabini na tano
harage la mvua likapondeka kati ya vidole.
La kisima likagoma.
Ni chokaa, nikasema, ile ile muuaji wa povu,
inakaza ukuta wa harage lisilegee.
Mfamasia wa Ubungo akanisahihisha namba moja.
Alikuwa sawa. Sikufuta;
nikapiga mstari, kosa likabaki linasomeka.

Kesho yake Mwajabu kaleta picha:
pipa la bluu chini ya gata, limejaa pomoni.
Na neno moja. "Kumbe."

Nina makala mawili katika majarida ya nje.
Hakuna aliyewahi kuniambia kumbe.

Sasa ni Jumapili tena, saa nne kasoro.
Nywila nimempa Elineema, anayehesabu kunguru Feri
alfajiri, kwa kidude cha kubofya cha kondakta wa zamani.
Kanijibu: "Dada, naogopa.
Wakiniuliza nisichokijua?"

Nikamwandikia: injika sufuria mbili.

Hajanielewa.
Jumatano si mbali.