Kisanduku cha Ishirini na Saba

Baba ana majina mawili ya ukoo, kama kila mtu wa Utuado:
Quiles la babake, Irizarry la mamake,
moja mbele, moja nyuma, kama miguu.
Karani wa jeshi, mwaka hamsini na moja,
alikuwa na foleni ndefu na wino mchache.
La mwisho akalifanya ndilo pekee,
akabana herufi alizoona hazina kazi,
na hivyo akapanda meli mtu aitwaye Irisari,
Irisari akashuka Pusan,
Irisari akapigwa na kipande cha chuma pajani
juu ya kilima kisicho na jina, chenye namba tu.
Aliyerudi akichechemea ni Quiles.

Chuma kipo. Mvua ikija toka milimani
hutangulia chuma kumwambia.
Lakini karatasi inasema aliondoka Korea tarehe tatu Oktoba,
na jeraha ni la tarehe kumi na tisa.
Kwa hesabu ya Idara
baba alijeruhiwa akiwa hayupo.

Nimeandika barua kumi na moja.
Ya kwanza ilijibiwa: tuma nakala iliyothibitishwa.
Ya pili: fomu hii imepitwa na wakati.
Ya nne: kulikuwa na moto, mwaka sabini na tatu,
ghala la kumbukumbu, orofa ya juu yote,
tunasikitika.
Wakanitumia kilichobaki: ukurasa mmoja,
kingo nyeusi kama mkate uliosahauliwa jikoni,
na katikati, mzima kabisa,
umeponea moto, umeponea maji ya wazima moto,
uongo wa karani.
Nilicheka mpaka jirani, Doña Providencia, akaja kuniangalia.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema.
Hawakusema mtu afanyeje
daftari likiwepo, nalo linasema vingine.

Nikatafuta shahidi. Wamebaki wawili.
Mmoja hajui tena jina lake, letu atalijuaje.
Wa pili, Wenceslao Arocho, yuko Bronx, orofa ya tisa,
lifti mbovu.
Alisema kwenye simu: nilimfunga paja kwa mkanda wangu.
Mwambie babako mkanda bado namdai.
Kisha akateremka ngazi zote, pumziko kila orofa,
kwenda kuapa mbele ya wakili.
Saini yake imepanda, imeshuka,
imetoka nje ya mstari.

Jumanne bahasha nene ikafika.
Karatasi ya marekebisho: Quiles Irizarry, Eleuterio.
Herufi zote zipo, nimezihesabu kwa kidole.
Tarehe imesogezwa. Jeraha limeruhusiwa.
Medali ya utepe wa zambarau kwenye kasha lake,
na chini yake kasha jingine:
nyota, ya ushujaa.

Nilipiga ukelele. Nikateleka kahawa.
Baba, miaka tisini na mbili, akavaa miwani,
akasoma kisanduku cha ishirini na saba
kama asomavyo bei dukani,
kisha akaisukuma nyota upande wangu wa meza
kwa kidole kimoja.

"Hii si yangu."
Baba, wamekupa.
"Na Irisari walinipa."
Kimya. Kahawa ikafura, ikamwagikia moto.
"Siku ile mimi nililala chini nikamwita mama.
Aliyesimama ni mwingine.
Jina lake silijui. Huenda na lake
waliliandika vibaya."

Ya zambarau ameiweka kwenye droo ya soksi.
Mkanda mpya tumenunua, uko posta.
Nami nimekaa na karatasi nyeupe, barua ya kumi na mbili:

Waheshimiwa, nashukuru kwa marekebisho.
Naomba mrekebishe tena.
Mahali fulani kuna mtu, au binti wa mtu,
amesimama mlangoni na bahasha yenu,
anaipima kwa kiganja,
na ni nyepesi.