Kitabu Chenye Mafuta

Shukuru amevipanga juu ya turubai, Posta ya Zamani,
vitatu, migongo imechubuka, bei iko mdomoni mwake.
"Vyote vya kompyuta hivi, dada Siwatu. Beba kinene,
kinene kina mambo."
Nimechuchumaa. Jua la saa sita halina aibu.

Miaka ishirini na miwili nachapa maneno ya watu
pale Mabibo, dirisha la fotokopi:
barua za kuomba kazi, barua za kufukuzwa kazi,
kadi za harusi nisizoalikwa,
tasnifu za wanachuo, usiku wa kuamkia kukusanya.
Sijawahi kuchapa neno likainuka likatenda kitu.

Sasa mashine imeliwa na virusi. Mpwa wangu kaisafisha,
kaweka mfumo wa bure,
kaniachia dirisha jeusi na kialama kinachopepesa
kama mtu anayesubiri useme.
"Wewe andika amri tu," akasema,
akawahi basi la Tanga.

Basi nachagua mwalimu.

Kinene: sura ya kwanza historia,
ya pili historia ya historia.
Penseli ya mwenye nacho imepiga mistari kwa rula
hadi ukurasa wa kumi na tisa,
kisha weupe, weupe mpaka jalada.
Najua alipofia.

Cha pili hakijaguswa, kinanuka stoo.
Kinaahidi siku saba.
Mimi kuchapa bila kutazama vidole kulinichukua mwaka,
na vidole vilikuwa vyangu.
Natafuta neno moja tu, la kufuta,
lile la herufi mbili lisilouliza "una hakika?"
Nalikuta katikati ya orodha,
limeandikwa kama chumvi kwenye karatasi ya sokoni.
Nakirudisha taratibu, kama kisu cha mtu.

Cha tatu chembamba. Jalada linashikwa na gundi ya seremala.
Mafuta ya chapati ukurasa wa sita,
duara la kikombe ukurasa wa arobaini.
Ni cha Kiingereza kama wenzake,
lugha niichapayo kuliko niisemavyo,
lakini kwenye amri ya kufuta kuna onyo ndani ya kisanduku,
na pembeni, kwa kalamu ya bluu, kwa lugha yetu:
*Hapa nililia. Kwanza iulize uko wapi, ndipo ufute.*

Nafunua upesi upesi.
Doa la mwisho liko ukurasa wa mwisho.

"Hicho kichafu?" Shukuru anacheka. "Toa elfu mbili."
Sikumwomba apunguze.
Alinitazama kama mgonjwa.

Usiku, shata nimeteremsha, feni inalalamika.
Naandika amri ya kwanza maishani mwangu,
mimi niliyezoea kuandika "naomba kuwasilisha".
Herufi moja nimekosea.
Mashine inajibu kwamba haijui nisemalo.

Naangalia pembeni mwa ukurasa.
Kalamu ya bluu:
*Rudia. Haina hasira.*