Sekunde Sita

Tulipanda juu ya jengo la Bi Hafsa Nampoto
saa kumi na mbili na nusu, bati likiwa bado linashikika.
Kufika saa nne unakaanga yai pale,
na Chilumba alishalikaanga, mwaka juzi, kwa ubishi wa soda.

Kutoka juu, Chikongola ni bati tupu.
Paa limelalia paa
kama watu kwenye foleni ya salfa.
Mfereji wa duka la spea unamwaga maji kwa kinyozi,
kinyozi anayasukuma kwa muuza vitenge,
na kesi iko kwa mwenyekiti wa mtaa tangu masika ya juzi.

Kazi yetu haina siri.
Unasugua kutu, kutu ya chumvi,
ile inayokula msumari kuanzia kichwani.
Unafagia. Unangoja paa likauke,
maana povu halitaki unyevu: ukilidanganya
litatoka malengelenge, na mwenye jengo atakufuata hadi ukweni.
Kisha jenereta linakohoa.
Mapipa mawili, jekundu na la buluu,
yanaleta maji yake kwa njia mbili,
hayajuani mpaka mdomoni mwa bunduki.
Hapo yanagombana.

Moja: mate.
Mbili: uji.
Nne: andazi linaumuka.
Sita: gonga. Kitu kikavu, chepesi,
rangi ya korosho iliyobanguliwa.

Saa tano upepo ulitoka ghubani bila hodi,
ukachukua vumbi la povu
ukaenda kulituliza juu ya gari jeupe la ofisa wa mapato.
Vidoa mia. Haviondoki kwa sabuni,
wala kwa petroli, wala kwa kuapa.
Fundi Nachundu alishuka, kofia mkononi.
Tulimwona kutoka juu akiinama, akiinuka, akiinama,
kama mtu anayetwanga.

Mama yangu anakaa Magomeni, vyumba viwili,
bati jembamba alilonunua
mwaka ambao korosho ilikuwa na bei.
Matundu yake anayajua kwa majina.
La jikoni ni Msiba, lilitoboka siku ya arobaini ya baba.
La mlangoni ni Kitoto.
La juu ya kitanda analiita Mgeni,
kwa sababu huja usiku na kumfukuza ni aibu.

Nimeshafunika majengo kumi na moja.
Ningeiba, sikatai.
Lakini povu haliibiki.
Litie kwenye ndoo, ndoo imekuwa kigoda.
Litie kwenye chupa, chupa inapasuka mfukoni mwako.
Sekunde sita hazinifikishi hata kona ya stendi.

Siku ya tatu tukapaka rangi nyeupe, mara mbili,
nyeupe ya kuumiza macho,
tukatembea kinyumenyume hadi kwenye ngazi
tusiache nyayo.

Jana nikaenda dukani kufuata malipo.
Feni imezimwa. Vitenge vimetulia kwenye rafu.
Bi Hafsa analamba kidole, anahesabu,
na kimya kilivyokuwa, nilisikia noti zikisuguana.
Simu ikalia.
"Umejikinga?" mama akauliza.
"Nijikinge na nini?"
Labda alijibu. Simu yote ilijaa bati,
bati, bati,
na ndani yake, mbali, ndoo ikiburutwa sakafuni.

Nikafungua mlango.
Barabara ilikuwa inakwenda na viatu vya watu.
Kinyozi amesimama juu ya kiti chake mwenyewe.

"Kuna nini huko?" Bi Hafsa akauliza,
kidole bado mdomoni.
"Mvua."
"Wala sijaisikia," akasema,
na nilijua anatusifu.