Jina Likiruka Mgongo

Mchana ni karani wa mirathi, Milimani,
dirisha namba sita, lile la kioo kilichopasuka.
Usiku, Umoja, orofa ya nne,
ni karani wa wafalme wasionijua.

Ninao ukurasa mmoja tu, nakala ya nakala:
Run map Arthgal map Dumnagual map Riderch
map Eugein map Dumnagual map Teudebur map Beli
na kuendelea.
Map ndiyo bin. Hilo nililielewa kabla ya kamusi.
Linagonga vilevile, kama muhuri wangu
juu ya karatasi za marehemu: bin, bin, bin,
wino ukififia kuelekea chini.

Walikuwa Wabritoni wa kaskazini, juu ya mwamba, mtoni Clud.
Lugha yao ilikufa bila matanga.
Orodha haina mama hata mmoja.

Nimezoea. Kila faili huanza na barua ya chifu:
Nathibitisha kwamba marehemu ameacha warithi wafuatao.
Nimeona shemeji akiandikwa mwana,
nyumba ya pili ikifagiliwa nje wino haujakauka,
mjukuu akipandishwa cheo asubuhi moja.
Chifu haongopi. Chifu huandika alichoambiwa
na waliofika mapema.
Na huyu wa ngozi ya ndama, nani alimfikia mapema?

Sasa tazama hapa. Kalamu nyekundu, tukishuka kutoka juu:
Beli, Eugein, Elfin, halafu Beli tena.
Dumnagual, Eugein, Riderch, halafu Dumnagual tena.
Kwetu Embu jina huruka mgongo mmoja.
Mimi ni Ciarunji kwa kuwa nyanya alikuwa Ciarunji;
baba alikuwa daraja tu, wala hakulalamika.
Hapa linaruka migongo miwili. Mara mbili!
Basi nasema, saa saba usiku, peke yangu,
kwamba mmoja kati yao hakuwa baba wa anayemfuata.
Alikuwa ndugu. Alikalia kiti, akakiacha,
na mwandishi alipoona wawili wamefuatana
akapachika bin katikati.

Nilitaka kupiga kigelegele. Nikanywa chai iliyopoa.
Hakimu angeniuliza: Karani, una nini mkononi?
Mila ya kwetu, mheshimiwa.
Mila ya kwenu si shahidi wa kwao. Keti.
Nikafuta nyekundu. Nikarudisha kwa penseli,
na alama ya kuuliza kubwa kama ndoano.

Leo alikuja mama mmoja, Bi Marigu, kupinga.
Hayumo kwenye barua.
Kaka zake wanne wamo, na mmoja ambaye si kaka.
Akafungua fundo la leso, akatoa risiti ya karo
ya mwaka wa themanini na tatu,
na nyuma yake, kwa mwandiko wa marehemu:
ya binti yangu.
Inatosha? akauliza.
Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.
Nikagonga muhuri wa kupokelewa
kwa nguvu kuliko kanuni inavyotaka.

Mwamba ule uliangushwa na kiu, wanasema.
Miezi minne ya kuzingirwa, kisha kisima kikakauka.
Hapa maji huja Ijumaa, yakikumbuka.
Mitungi imejipanga kwenye korido, njano, buluu, njano,
mitupu, na leo ni Jumatano.
Namwaza aliyetumwa kisimani asubuhi ile,
akateremsha kamba yote,
akasikia ndoo inagonga jiwe.
Hakuwa Arthgal. Mfalme hachoti.
Lakini ni yeye aliyejua kabla ya mfalme,
na huenda alisimama kidogo pale, ameshika kamba,
akitafuta namna ya kupanda na habari hiyo.
Ukurasa wangu hauna hata herufi yake ya kwanza.

Nimemwekea mstari pembeni, nje ya ukoo, bila jina.
Hauelekei kwa mtu, wala hautoki kwa mtu.
Kitaalamu ni kosa.

Orofa ya chini mtu anajaribu mfereji.
Unakohoa.