Kabla ya Mnada wa Ndanda

Bati la ubavu limechoka kwenye misumari;
nimeliziba kwa lami na kipande cha ndala.
Beringi ya kushoto nimeishindilia grisi,
bado inanuna, kama mkwe aliyeandaliwa ming'oko mitupu.

Mwaka huu nimeongeza sola,
wavu dirishani, upande wa kitanda,
na ukingo wa rafu,
maana mlima wa Newala
uliwahi kulinywesha godoro mchuzi wa kuku.

Korosho zikihama, nahama na sufuria zangu.

Hapa Masasi, Chilumba kalala chini ya ekseli:
"Somoe, nyumba utajenga lini?"

Namsogezea spana kumi na saba.
Kaza hiyo ndoano, fundi.
Ikichomoka mteremkoni
nitaiona nyumba yangu kwenye kioo cha pembeni,
halafu mbele yangu.