Meza ya Kubadilishana Samaki

Jumamosi, saa tatu, naweka meza yangu
kando ya ukuta wa zege, chini ya daraja la reli:
mizani, glavu, daftari, majokofu mawili.
La kulia lina samaki wa kufugwa kwenye matangi.
La kushoto lina kufuli.

Ukinipa wako wa mtoni nakupa wangu wa tangi,
uzito kwa uzito, bila kupunjana.
Ndio mradi mzima. Ofisi imetupa miezi minne.

Bango liko hatua kumi kutoka hapa,
kwa Kiingereza, Kireno na Kihispania:
samaki aliyepigwa mstari mwekundu tumboni.
Mtu amelitundikia ndoo yake.

Bwana Adelino Quintela hufika wa kwanza.
Alikuja New Jersey kutoka Ureno ana miaka kumi na tisa,
akaajiriwa hapo ng'ambo, penye uzio na nyasi fupi,
palipokuwa na kiwanda cha dawa ya magugu.
"Koki tulikuwa tunazifungua usiku," ananiambia.
"Wakubwa walisema mto unakwenda baharini,
na bahari haina mwenyewe."
Anasema hivyo kama mtu anayetaja bei ya viazi.

Leo ana mkunga, mnene kama mkono wangu,
bado anajinyonganyonga ndani ya gazeti.
Kilo moja na robo.
"Mnuse," anasema. Namnusa.
Ananuka mto, tope, baridi; hakuna kingine.
"Umeona? Mzima. Aliyeoza namjua,
nimekula samaki miaka sabini na moja."

Hapo ndipo kazi inaponishinda.
Wahenga walituonya juu ya samaki mmoja aliyeoza;
hawakutuachia neno juu ya huyu,
jicho angavu, matamvua mekundu,
aliyebeba dioksini ndani ya mafuta yake
kimya, kama deni la baba.

Namwambia: sumu hii huichemshi ikaisha,
huigandishi ikafa. Ndimu haiiwezi. Chumvi haiiwezi.
Imekaa topeni; mnyoo akala tope,
mkunga akala mnyoo, usiku baada ya usiku, miaka,
nawe ukamla mkunga kwa vitunguu na viazi.
"Na pilipili hoho," ananisahihisha.

Anajua. Anajua kuliko mimi.
Kisha, akiangalia viatu vyake, ananiambia
binti yake Ondina ana mimba ya miezi sita,
anautaka mchuzi wa marehemu mama yake,
wa mkunga, si mwingine,
usiku anaamka akiulilia.

Kalamu inasimama.
Katika lugha hii ninayoandikia
mkunga ni samaki, na mkunga ni yule
anayempokea mtoto kwa mikono miwili.
Sikuwahi kuyaona maneno hayo yamelala kitanda kimoja
mpaka asubuhi hii, juu ya mizani yenye kutu.
Mmoja anamtangulia mwenzake,
anaingia kwa kijiko,
anamgusa mtoto kwanza.

"Haya, nipe hao samaki wako wa plastiki," anasema mzee.
Namfungulia la kulia. Wawili, weupe,
wasio na mto wa kusimulia.
Mkunga wake namtia mfukoni, naandika namba,
naandika: taka hatari.
Mzee anakisoma kibandiko. Anavua kofia.

Anakwenda hatua tano, anarudi.
"Ondina atajua. Ulimi wake haudanganyiki."
"Atajua," namjibu.
"Basi nitamwambia nimesahau kupika."

Saa sita lori litakuja kuwachukua wa kushoto,
mikunga na kaa, wakachomwe
mahali ambapo sijaambiwa.
Mto unapita nyuma yangu, mpana, rangi ya chai.
Nageuka kulitazama bango:
ile ndoo haipo.
Mwenyewe amekwenda nyumbani na chakula cha mchana.